Bahari ya Karai

Walirudi Jumatatu, Julai imekaza,
Soko la Uhuru limefunga koti mpaka shingoni,
na wao watano wamevaa ndara.
Mimi nilikuwa kwenye gauni za shule, dazeni nne.
Sikusimama. Mashine yangu ikisimama hunung'unika,
nami vilevile.

Miaka mitatu tulichanga, mia mbili kila Ijumaa.
Nilichanga. Daftari lipo, muulizeni Gathoni.
Kisha mguu wa Ombati ukavunjika uwanjani
na fungu langu la kisiwa
likageuka plasta, kutoka goti hadi kifundo,
darasa lake zima likaiandika majina.
Ndiyo pwani yangu hiyo, nilimwambia, nyeupe pe.
Akacheka.

Basi wakasimulia, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake.
Apondi asema mchanga ule ni unga wa ngano, daraja la kwanza.
Khavere asema ni makaa.
Chebet hakuona mchanga, aliona watu:
wamelala juani kwa hiari yao, wamejipaka mafuta
kama chapati zinazongoja kugeuzwa;
vijana wa miwani, kumi kwa kila mkono,
wakimwita dada, kisha mama, kisha shangazi,
kadiri bei ilivyoshuka;
spika kubwa kuliko kabati, dafu likitetemeka kiganjani;
na bwana mmoja mwekundu, saa nne asubuhi,
akicheza peke yake, vibaya,
na hakuna wa kumwambia.

Mavazi ya kuogelea niliyashona mimi,
kwa vipande vya sare vilivyobaki, kijani cha mirabaraba.
Nilishona sita. Mkono haukuwa umepata habari.
Mhudumu wa hoteli akawauliza, nyinyi kwaya ya wapi?
Jericho, wakasema.
Akawaomba waimbe.
Wakaimba, maji kiunoni, Syokau akishika sauti ya tatu,
na yule bwana mwekundu akaacha kucheza
akavua kofia.

Halafu wakapanga chupa tano za soda
juu ya gauni zangu, bila kuuliza.
Maji. Yana ukungu kidogo. Moja ina uzi wa mwani.
"Tumekuletea," akasema Gathoni, akitazama kwingine.

Chupa ya Syokau ilikuwa safi mno.
Nikaifungua, nikaonja, nikamtazama.
"Namanga," akasema. "Nilisahau. Ni bomba la Namanga."
Tulicheka hadi muuza vifungo
akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Jioni nilipeleka sufuria kwa jiko la mama wa mahindi.
Unapika nini?
Bahari.
Akasogeza mahindi yake pembeni, hakuuliza la pili.
Nikaimimina katika karai ninalolowekea vitambaa,
nikavaa lile vazi la sita juu ya sweta,
nikatia miguu.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, husemwa.
Haya nayajua: lita mbili na nusu,
yanaishia chini ya kifundo,
na fungu moja kati ya matano ni Namanga.
Redio ya kinyozi ikawa ndiyo spika.
Chumvi iliingia kwenye nyufa za visigino
ikauma,
ikauma vizuri.
Nikajiita dada. Nikajiita mama.
Nikafika shangazi, bei ikashuka, nikanunua.

Asubuhi karai lilikuwa na duara jeupe
pale bahari ilipokomea.
Sikulisugua. Nililoweka humohumo kitambaa cha muhula wa tatu.
Siku moja, katikati ya hesabu za kugawanya,
kuna msichana atakayetafuna kola ya gauni lake
na kusita kidogo,
ulimi ukiuliza.